Nyimbo za Mzaha na Kumbukumbu za Vijana wa Songea

Historia ya muziki wa Tanzania, kama ilivyoandikwa hadi sasa, imezipa heshima kubwa nyimbo za uhuru, za Azimio la Arusha na za vita vya Kagera. Nyimbo za mzaha zimeachwa nje ya mlango. Hata hivyo, mtu aliyekulia Songea katika miaka ya 1980 au 1990, akiombwa aimbe wimbo wa ujana wake, aghalabu huanza na ule uliomchekesha, na huuimba hadi mwisho pasipo kukosea. Ule mzito aliofundishwa darasani humponyoka katika ubeti wa pili. Tofauti hiyo inastahili kuchunguzwa na wanaisimu, maana kilichohifadhiwa katika kicheko si sauti tupu bali ni msamiati, lafudhi na namna ya kuwatazama wakubwa.

Songea iko takribani kilometa 950 kutoka Dar es Salaam, na hadi ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 ilitegemea mitambo ya dizeli. Muziki ulifika kwa mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam na kwa kanda zilizosafiri katika mabasi. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi, na kanda ilirudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri hizo. Maneno yalinakiliwa katika madaftari ya shule, mara nyingi katika kurasa za nyuma za daftari la somo lisilopendwa.

Mzaha wenyewe haukuletwa na redio. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda ilichimbuka katika beni, na baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 ilienea kwa kuiga gwaride la askari: mavazi meupe, filimbi, na vyeo vya kuigiza kama kingi na kapteni. Mwenye mamlaka aliigizwa mbele ya watu, nao wakacheka kwa adabu zote.

Mwaka 1990 Remmy Ongala alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukitisha. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo ukasikika kwa njia ya kanda, na vijana wakapata neno la kutamka jambo ambalo wazazi wao hawakuthubutu kulitaja. Mzaha huo, kwa hiyo, ulikuwa na uzito wa uhai na mauti. Mwaka uliofuata Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice. Wengi waliuona upuuzi. Wakati huo muziki wa kufokafoka ulidhaniwa kuwa mali ya Kiingereza peke yake. Upuuzi huo ulionyesha kwamba silabi wazi za Kiswahili zinaweza kuhimili kasi hiyo.

Mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya uchaguzi mkuu, ukaja "Ndio Mzee" wa Joseph Haule, yaani Profesa Jay. Jina la Haule si geni Ruvuma, na hilo pekee liliwatosha baadhi ya wasikilizaji wa Songea kumhesabu kuwa ndugu. Mgombea katika wimbo huo anaahidi mambo ya ajabu, yakiwamo maziwa katika mabomba na safari ya mwezini kwa wanafunzi wa sayansi, na umati unaitikia kila ahadi kwa utiifu. Anayechekwa hapo ni nani hasa? Mgombea huchekwa kwanza, lakini kiitikio ndicho kinachouma, maana msikilizaji akiuimba wimbo hujikuta amesimama upande wa umati. Miaka miwili baadaye "Zali la Mentali", aliouimba pamoja na Juma Nature, ulisimulia kijana maskini aliyependwa ghafla na mwanamke tajiri, na neno "zali" kwa maana ya bahati likashika mizizi mbali na vijiwe vya Dar es Salaam.

Mgumu kuliko yote ni "Mi Mmasai" wa Mr. Ebbo, aliyefariki mwaka 2011. Msemaji wa wimbo anajivunia Umasai wake kwa Kiswahili kinachovuruga ngeli kwa makusudi. Wanafunzi wa Songea waliiga lafudhi hiyo wakacheka sana. Lakini miongoni mwao walikuwamo watoto wa Kimatengo, lugha isiyo na sauti r, ambao darasani walikosolewa kila siku kwa kutamka l mahali pake. Aliyechekwa asubuhi alipata zamu ya kucheka jioni. Wapo wanaoushutumu wimbo huo kwa kudhalilisha kabila. Shutuma hiyo ina haki nusu, kwani msemaji wake haombi radhi kwa Kiswahili chake hata mara moja, na hilo ni funzo ambalo hakuna kitabu cha sarufi kilichowapa watoto hao.

Kanda za Radio Tanzania leo zimo katika hazina ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Nyimbo zilizonyimwa hewa hazitafutwi huko. Baadhi ziko katika madaftari yale, kwa mwandiko wa kitoto, zikiwa na makosa ya tahajia yanayoonyesha jinsi kila neno lilivyosikika Songea.