Ngazi ya Do na Fumbo la Sauti Nne

Wengi wa Mbeya na Iringa waliijua kanuni ya muziki kupitia kwaya za makanisa. Chombo chao kilikuwa solfa, herufi zilizobuniwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen, huko Uingereza, katika karne ya 19. Ni fumbo, msomaji: besi ameshika fa, soprano ameshika la, ipi iliyobaki? Alto huisaka kwa sikio hata aipate do, na teno huirudia mojawapo. Hivyo asiyepata kugusa kinanda huzijua kanuni za ulinganifu, kwani do yaweza kuhamishwa, uhusiano ukabaki.

Lakini jawabu la fumbo hilo limekwisha pangwa. Huko Mbozi, iliyomegwa kutoka Mbeya kuwa sehemu ya Songwe mwaka 2016, Wamoravian walianzisha misheni mwaka 1899. Hapo Traugott Bachmann aliwahimiza Wanyiha wamwimbie Mungu kwa mahadhi yao. Lugha yenyewe yamuunga mkono: katika Kinyiha, kama katika Kihehe cha Iringa, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana, tuni ngeni huweza kulipotosha neno. Basi sikio lililofunzwa ngazi na lijifunze kwanza kulisikiliza neno.