Miti Bagamoyo, Majina Berlin

Katika karne ya 19, wachimbaji wa sandarusi nyuma ya Bagamoyo na Saadani walikuwa na elimu yao. Walitofautisha utomvu mbichi wa mti uliosimama na ule uliozikwa mchangani miaka mingi hadi ukawa mgumu kama jiwe. Ule mbichi waliuita chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu mjini Zanzibar, ulimi ukiwashinda, waliligeuza neno hilo kuwa “jackass”, yaani punda dume, na kwa jina hilo wakauuza ng'ambo.

John Kirk, daktari wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alichapisha makala katika jarida la Chama cha Linnean, London, akieleza kwamba sandarusi ya ardhini hutokana na msandarusi uleule unaoota pwani. Kazi yake ilikuwa nzuri. Lakini heshima ilibaki kwa aliyechapisha, na hakuna mchimbaji aliyeingizwa katika jina lolote la Kilatini.

Wajerumani walipotwaa pwani, mambo yalikwenda kasi. Mwanasayansi wao Franz Stuhlmann alikusanya mimea mingi, na Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara wa Emin Pasha kuelekea maziwa makuu. Majani na maua yalikaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi, yakasafirishwa hadi Berlin, ambako mtaalamu wa mimea Adolf Engler na wenzake waliipa mimea majina. Mti wa mbao za pangapanga unaitwa Millettia stuhlmannii hadi leo.

Sampuli inayotumika kutoa jina ndiyo kipimo cha spishi nzima. Mwenye shaka sharti arudi kwenye sampuli hiyo. Sasa fikiria usiku wa 1 Machi 1943: mabomu yaliiteketeza hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ya Berlin-Dahlem, na pamoja nayo vipimo vya mimea mingi ya Afrika Mashariki. Miti ilikuwa bado imesimama Tanganyika. Ushahidi wake ndio uliokuwa majivu Ujerumani.

Kuanzia 1952 kazi kubwa ilihamia bustani ya Kew, Uingereza, ambako orodha ya mimea ya Afrika Mashariki, zaidi ya spishi 12,000, ilikamilika 2012. Uhuru wa Tanganyika ulikuja na kutimiza nusu karne, vitabu vya orodha hiyo vikiendelea kutoka.

Siku hizi mlango wa kuchapisha sayansi umebadilika sura. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na msitu wake wa Zaraninge unajulikana kwa watafiti wa nchi nyingi. Lakini mwaka 2021 jarida la sayansi la Nature liliweka ada ya Yuro 9,500 kwa mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure: zaidi ya shilingi milioni 25. Baadaye watafiti wa nchi zenye kipato kidogo walisamehewa, ila anayesamehe ni yuleyule aliyepanga bei.

Ng'ambo ya Bagamoyo, chama cha wanasayansi wa bahari cha WIOMSA, Zanzibar, kimekuwa na jarida lake la sayansi ya bahari tangu 2002, na makala zake husomwa bila malipo. Huandikwa kwa Kiingereza. Wakulima wengi wa mwani wa Mlingotini, karibu na Bagamoyo, ambao bahari hiyo ndiyo shamba lao, bado wanasubiri mtu wa kuwasomea.