Ua wa Majengo

Msomaji, ukifika Pumwani, Nairobi, usiridhike na kutazama mapaa kutoka barabarani. Piga hodi katika nyumba ya zamani ya Majengo. Ukikaribishwa, pita ukumbi wenye vyumba huku na huku, hata utokee uani. Mpango huo ulitoka pwani. Wenyeji walijijengea miaka ya 1920, kwa fito na udongo, baada ya vijiji vyao vya awali kuondolewa. Ardhi ikabaki ya mji. Nyua zilizofichwa hivyo zimo katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, penye kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Gede ililindwa kwa sheria tangu miaka ileile ya 1920, na 2024 ikatiwa katika Urithi wa Dunia. Nyua za Majengo huondoka moja moja, kupisha maghorofa.