Sheria na Mtia Moto

Tangu zamani watu wanaokaa jirani jirani wamemwogopa mtia moto kuliko mwizi, kwani mwizi huchukua cha mmoja, lakini moto ukipata upepo hauulizi nyumba ni ya nani. Katika sheria ya Warumi ya Mbao Kumi na Mbili, yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, aliyechoma nyumba kwa kujua na kukusudia alifungwa, akapigwa, kisha akachomwa moto mwenyewe. Ikiwa moto ulimponyoka kwa bahati mbaya, alilipa hasara tu. Angalia basi, msomaji: majivu ni yale yale, ila hukumu ilitafutwa moyoni mwa mtu.

Waingereza walilifanya kosa hili kuwa jembamba sana. Kwa sheria yao ya mapokeo, lilikuwa ni kuchoma nyumba akaamo mtu mwingine. Ukuta kuwa mweusi kwa moshi hakukutosha. Sharti sehemu ya nyumba, hata ndogo, iwe imeungua kweli. Adhabu ilikuwa kifo. Mwaka 1772 Bunge liliweka adhabu hiyo kwa wachomaji wa merikebu za vita za mfalme na karakana zake. Na Machi 1777 James Aitken, mpaka rangi aliyechoma jengo la kutengenezea kamba huko Portsmouth, alinyongwa juu ya mlingoti wenye urefu wa zaidi ya futi 60, ili kila baharia amwone. Ajabu ni kwamba sheria hiyo haikufutwa mpaka 1971.

Hapa Kenya, kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu chataja jengo lolote, hata lisilokwisha kujengwa, na chombo cha majini, na rundo la mazao, na mgodi pia. Adhabu yaweza kuwa kifungo cha maisha. Aliyejaribu tu, kiberiti kikazimika, aweza kufungwa miaka 14.

Hapa nakuomba usome polepole. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto usiku, na wavulana zaidi ya 60 wakafa. Huenda mtia moto akasema, "Nilitaka bweni tu liungue; sikutaka mtu afe," naye akasema kweli tupu. Lakini kwa kifungu cha 206, nia ya kutenda kosa kubwa yatosha kuhesabiwa kuwa ni nia ya kuua. Aliyekusudia kuchoma vitanda aweza kujibu shtaka la uuaji.