Hifadhidata za kibiashara na hifadhidata huria

Mfumo wa hifadhidata (pia: kanzidata) ni programu ya kompyuta inayotunza taarifa kwa mpangilio ili ziweze kutafutwa, kubadilishwa na kulindwa. Kwa upande wa leseni, mifumo hiyo ina makundi mawili makubwa. Katika mifumo ya kibiashara mtumiaji hulipia haki ya kuitumia, na msimbo chanzo hubaki siri ya kampuni. Katika mifumo huria msimbo chanzo uko wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza na kuubadilisha.

Historia

Nadharia ya hifadhidata za majedwali ilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM. Oracle ilianza kuuza mfumo wake mwaka 1979, na Microsoft SQL Server ilifuata mwaka 1989. Kwa upande wa mifumo huria, PostgreSQL ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. MySQL ilitolewa nchini Uswidi mwaka 1995.

Mwaka 2009 Oracle ilitangaza kuinunua Sun Microsystems, iliyokuwa mmiliki wa MySQL. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alianzisha MariaDB kwa kutumia msimbo uleule. Leseni huria ndiyo iliyomruhusu kufanya hivyo.

Nguvu za mifumo ya kibiashara

* Mteja ana mkataba wa msaada, hivyo anajua nani wa kumwita mfumo unapokwama.
* Zana za usimamizi na ulinzi huja pamoja kutoka kampuni moja.
* Oracle huwezesha seva kadhaa kuhudumia hifadhidata moja kwa wakati mmoja, jambo muhimu kwa taasisi kubwa kama benki.

Udhaifu wake ni bei, ambayo mara nyingi huhesabiwa kwa idadi ya watumiaji au uwezo wa prosesa. Pia ni vigumu kuhama iwapo programu zimeandikwa kwa lugha ya kampuni hiyo pekee, kama PL/SQL ya Oracle.

Nguvu za mifumo huria

* Hakuna ada ya leseni hata seva zikiongezeka.
* Wanafunzi na wataalamu wa nchini wanaweza kujifunza kwa mfumo uleule unaotumika kazini.
* Mmiliki mmoja hawezi kuifunga.

Udhaifu wake ni kwamba bila mkataba hakuna anayewajibika kurekebisha hitilafu. Taasisi huhitaji wataalamu wake, au hulipa kampuni inayotoa msaada.

Matumizi Afrika Mashariki

Sekta ya afya ni mfano mzuri. Zahanati na vituo vya afya nchini Tanzania, pamoja na vile vya kata kama Butimba jijini Mwanza, hujaza vitabu vya MTUHA. Jumla za kila mwezi huingizwa katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumia PostgreSQL. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuuendeleza nchini. Kama leseni ingelipiwa kwa kila mtumiaji, kila zahanati mpya ingeongeza gharama. Nchini Kenya, OpenMRS, inayotumia MySQL, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 kutunza kumbukumbu za wagonjwa.

Kuchagua mfumo

Mifumo mikuu ya pande zote mbili huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya diski kabla ya kuyathibitisha, hivyo umeme ukikatika taarifa zilizothibitishwa hazipotei. Lakini diski ikiharibika, leseni ya aina yoyote haisaidii pasipo nakala rudufu iliyowekwa mahali pengine na kujaribiwa. Kwa hiyo ulinganisho hujumlisha leseni, mishahara, mafunzo na gharama ya kuhama, pamoja na swali la nani atakayerudisha taarifa siku mfumo utakapoanguka.