Injini ya kujikerezea nyumbani

Wasee, historia ya uhandisi tumezoea kusomewa kama orodha ya maprofesa. Leo twende Uingereza, mwaka wa 1898.

Mwaka huo Percival Marshall alianzisha jarida la The Model Engineer, la watu wanaounda mashine ndogo nyumbani. Mwaka huo huo Stuart Turner alibuni injini yake ndogo ya kwanza ya mvuke. Biashara iliyotokea hapo ni ya kuuza vipande vya chuma vilivyomiminwa kwenye kalibu, bado vikwaruvu, pamoja na michoro. Mpaka leo seti za Stuart zinauzwa.

Kazi inabaki yako. Unafunga silinda kwenye mashine ya kukereza (zamani nyingi zilikanyagwa kwa mguu kama cherehani). Unapanua tundu, kisha unasawazisha uso wa silinda kabla hujaifungua, ndio viwili hivyo vikae mraba. Tundu lisipokuwa duara kamili, mvuke unapenya kando ya pistoni na nguvu inapotea.

Mimi niliacha chuo, lakini sisemi chuo ni bure. Nasema hivi: wale watu hawakuwa na akili kutushinda. Walikuwa na michoro mikononi na chuma cha kujifunzia. Fundi wetu wa jua kali mikono anayo tayari. Michoro ya bei nafuu, kwa Kiswahili, ndiyo hana.

Sasa niambieni, nani ataichora?