Chumba cha Mgeni na Picha Yake

Nyumba ya mwanadamu haijengwi kwa ajili ya mwenyewe peke yake. Watu wetu wa bara, tangu enzi za misafara, walijenga wakijua kwamba jioni moja atatokea mtu mlangoni, vumbi miguuni, ukoo wake haujulikani, naye atataka mahali pa kulala. Namna walivyopapamba mahali hapo, na namna palivyochorwa na baadaye kupigwa picha, ni sehemu ya historia ya utamaduni wetu ambayo vitabu vya shule havijaipa nafasi inayostahili. Na kwa kuwa desturi hiyo inageuka sura mbele ya macho yetu, yafaa tuitazame sasa.

Tuitazame kutoka Kagongwa. Mji huo mdogo umo katika Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya barabara itokayo Isaka. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita Isaka; na hapo ndipo ilipowekwa bandari kavu inayopokea mizigo ya Rwanda na nchi jirani. Wanunuzi wa mchele hufika Kagongwa, madereva wa malori hupumzika, na tangu mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza kazi mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009, mafundi na wachuuzi wa kila namna wameipita njia hiyo. Buzwagi ilimaliza uchimbaji mwaka 2021, lakini njia haikukauka. Basi mwenye nyumba aliyebakiwa na vyumba viwili hutandika shuka nyeupe, hufunga chandarua fundo juu ya kitanda, huweka maua ya plastiki mezani, kisha hutoa simu na kupiga picha. Picha hiyo humwendea mgeni kabla mgeni hajaondoka kwake. Mgeni hukitazama chumba, hukipenda au hukikataa, wala mwenyeji hajauona uso wake.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kuiga, yaliyotoka Ulaya na Marekani juzi. Sivyo hata kidogo. Kupamba nyumba kwa ajili ya mpita njia wa siku chache ni jambo la kale sana katika nchi hii.

Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika kwa kirefu juu ya jengo lililoitwa iwanza. Katika vijiji vya Unyamwezi hilo lilikuwa jengo la watu wote, kubwa na imara kuliko nyumba zilizolizunguka. Wanaume walizungumza humo, walivuta tumbaku humo na kulala humo. Kuta zake zilisiribwa kwa udongo laini, na juu ya udongo huo zilipigwa alama za vidole, mistari juu ya mistari, kwa majivu yaliyokorogwa na maji. Kwa majivu hayo hayo watu walichovya viganja na kuvibandika ukutani vikiwa vimekunjuliwa. Juu ya milango miwili zilining'inizwa kinga: mikia ya sungura, manyoya ya shingo ya pundamilia, pembe za mbuzi. Ndani, nusu nzima ya nafasi ilishikwa na kitanda kimoja kipana cha miti, kilichoinuliwa juu ya panda zilizochimbiwa ardhini. Paa liliachwa juu kidogo ya kuta ili hewa ipite. Hata katika nyumba za kawaida Burton aliona mapambo ya namna hiyo kwa rangi tatu, yaani nyeupe ya majivu, nyekundu ya udongo na nyeusi ya matope; na mahali pengine watu walichora binadamu na nyoka.

Mwingereza mwingine, Cameron, aliyepita Unyamwezi mwaka 1873, alieleza kwamba karibu kila kijiji kilikuwa na nyumba mbili za namna hiyo, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Ile ya wanawake haikuwa wazi kwa wageni. Katika ile ya wanaume ndimo mtemi na wazee walimopokea wasafiri wenye heshima. Na mtoto wa kiume, akifika umri wa miaka saba au minane, alianza kushinda huko, akila na mara nyingi akilala huko.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Mgeni hakupewa chumba kilichotengwa na maisha ya kijiji. Aliingizwa mahali ambapo maisha yenyewe yalikuwa yakiendelea: watoto wakisikiliza wazee, mikuki na pinde zikikauka kwa moshi darini, jiwe la kusagia likiwa sakafuni. Viganja vya ukutani vilikuwa vya watu walioketi mbele yake. Mapambo yale, kwa maoni yetu, yalimwambia mgeni jambo moja wazi: hapa pana wenyewe. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Misafara ile ile ilibeba pembe na ilisukuma watumwa, na watemi walitoza hongo kwa waliopita. Ukarimu wa kijiji ulikuwa na mipaka yake pia, na methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe, haikutungwa na watu wasioyajua maudhi ya mgeni asiyeondoka.

Huko pwani, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kwa maelfu kila mwaka, mgeni alipewa nafasi kwa namna nyingine. Wafanyabiashara wa baharini walikuja kwa upepo wa kaskazi na kungoja kusi ndipo warudi. Kwa hiyo mgeni aliweza kukaa miezi. Katika nyumba za mawe za Lamu kulikuwa na chumba maalumu kwa ajili yake, kilichoitwa sabule, mbali na vyumba vya ndani vya jamaa. Walimu wa Kiswahili watalitambua neno hilo mara moja. Sebule yetu ya leo, penye makochi na vitambaa vya kufuma, inabeba jina la chumba cha mgeni wa pwani, ingawa wengi wetu tunadhani kwamba sebule ni pa kutazamia televisheni. Huko pia mapambo yalikuwa na kazi: zidaka ukutani zilizojaa vyombo vya kauri, na mlango wa nakshi uliotangaza hadhi ya mwenye nyumba kabla mgeni hajabisha hodi.

Sasa tuje kwenye picha. Kwa muda mrefu picha za nyumba zetu zilitengenezwa na mgeni, wala si na mwenyeji. Mwaka 1860 Speke na Grant waliondoka Unguja wakiwa na kamera. Hawakufika nayo Unyamwezi. Sahani za picha za wakati ule zilihitaji kutayarishwa na kusafishwa hapo hapo, ndani ya hema dogo lililofungwa nuru isiingie, na joto la hema hilo, alivyoandika Speke, lingalimwua mwenzake upesi. Kamera ikarudishwa pwani. Grant akabaki na rangi na karatasi, akachora.

Tangu tarehe 27 Mei hadi 12 Septemba 1861 Grant aliishi Ukuni, katika kijiji cha mtemi Ukulima. Jina hilo lipo hadi leo katika kata ya Ukune, Ushetu, katika nchi iliyokuwa yote wilaya ya Kahama. Zaidi ya miezi mitatu mtu mmoja alikuwa mgeni katika nchi hii hii ya jirani na Kagongwa; na michoro ya safari yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, huko Edinburgh. Mwanafunzi wa Kahama anayetaka kuona nchi ya babu zake ilivyokuwa mwaka 1861 hana budi kuiona kwa jicho la aliyekuwa akikaribishwa.

Wajerumani walipotawala, kamera ilikwishakuwa nyepesi zaidi. Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi katika koloni lao hadi Vita Kuu ya Kwanza, aliacha picha nyingi ambazo sasa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Katika picha za enzi hizo, za mikono mingi, nyumba huonekana kama mfano wa kabila. Mwenye nyumba husimama kando, mara nyingi bila jina.

Iwanza zenyewe zilikwisha. Misafara ilikufa reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na kijiji kisichopitiwa na wageni hakikuwa na sababu ile ile ya kutunza nyumba ya kuwapokea. Baadaye, miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilihamisha kaya za Shinyanga kwa wingi na kuzipanga kandokando ya barabara. Nyumba za pembe nne na mabati zikaenea. Tulipata shule na zahanati karibu. Kuta zilizochorwa zilibaki nyuma zikinyeshewa na mvua.

Kwa hiyo tendo la mwenye nyumba wa Kagongwa si dogo kama linavyoonekana. Kwa mara ya kwanza katika historia hii ndefu mwenyeji ndiye anayeishika kamera. Yeye ndiye anayeamua nyumba yake ionekane vipi na mtu wa mbali. Lakini tuchunguze anachokifanya kabla ya kupiga. Anaondoa picha ya mama yake ukutani. Anaondoa kalenda ya kanisa au ya msikiti, jiko la mkaa, ndoo, kigoda, na kawa aliyoletewa na shangazi. Anasimama pembeni kabisa mwa chumba ili kionekane kipana, hungoja nuru ya dirishani isubuhi, naye hujitahidi kivuli chake kisiingie. Chumba kinachobaki kingeweza kuwa Mwanza, Nairobi au popote duniani. Na mgeni akifika huona kwamba chumba ni nusu ya kile cha picha, na imani huanza kwa kupungua.

Hatumlaumu. Anashindana na wengine, na shilingi yake ni ya halali. Hata hivyo tunaona ajabu kwamba wageni walioshika kalamu na kamera walitafuta alama za wenyeji, na mwenyeji aliyeipata kamera anazificha. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yamejenga nyumba za kimila na kuzitia rangi, na watalii hulipa kiingilio ili wazione. Walimu wa Kahama wangeweza kuwapa wanafunzi kazi rahisi: waende kwa bibi na babu, waulize kuta zilisiribwa kwa udongo gani, nani alizichora, na mgeni alilazwa upande upi, kisha wapige picha ukuta wowote uliosalia, na mwenye nyumba asimame mbele yake, na jina lake liandikwe chini.

Viganja vya majivu vya iwanza za Unyamwezi havikupata bahati hiyo. Sahani ambazo zingeweza kuvinasa zilikuwa zimekwisha kurudishwa pwani, mabegani mwa wapagazi.